Ukuta Ushikilie, Ardhi Ibebe: Kuweka Bomba la Moshi Nje ya Jikoni

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya upande wa ziwa, Kisumu. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini wangependa kuyasoma tena kabla ya kumwita fundi.)

 

Leo tunazungumza juu ya bomba la moshi, lile wengine huita dohani na wengine chimni. Vikundi vingi vimeanza kujenga majiko ya kuni yaliyofungwa, ya udongo au ya matofali, na vinataka moshi utoke nje ya nyumba. Hilo ni jambo jema sana. Lakini kila tunapotembelea kikundi, swali linalotungoja haliko ndani ya jikoni, liko nje. Bomba likishapita ukutani na kuanza kupanda juu, ni kitu gani kitakachoshika bomba hilo lisimame miaka mitano au kumi?

Jibu letu ni fupi, na hata mkisahau mengine yote ya leo, tafadhali mrudi nyumbani na hili: ardhi ibebe, ukuta ushikilie. Uzito wa bomba uende chini ardhini. Kazi ya ukuta ni kulizuia tu lisilale upande. Mkifanya kinyume, mkaupa ukuta kazi ya kubeba, basi mvua chache tu zitawaonyesha.

KWA NINI TUNAHANGAIKA NA MOSHI

Wengine hapa watasema, "Mama zetu walipika kwa mafiga matatu na wakazeeka." Ni kweli, wengine walizeeka. Lakini hatuwahesabu wale waliokohoa mpaka mwisho, wala watoto waliokufa kwa kichomi na watu wakasema ni baridi ya asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto ambao hawajafika miaka 5. Hapa kwetu, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya hupika hasa kwa kuni. Sasa fikirieni jioni moja ya kawaida. Mama anageuza kuon, yaani ugali, mtoto yuko mgongoni, mwingine ameketi karibu na moto anangoja chakula. Pua ya yule mtoto iko pale pale moshi ulipo. Na yule mama anayekausha samaki kwa moshi kule ufuoni, yeye anavuta moshi mchana kazini na jioni tena nyumbani.

Habari njema ni kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa na watu wa kawaida. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilishirikiana na familia za Kajiado na za Kenya Magharibi kutafuta njia za kupunguza moshi jikoni. Familia hizo ziliongeza madirisha, nyingine zikaacha nafasi kati ya ukuta na paa, nyingine zikaweka kofia kubwa ya bati juu ya moto yenye bomba la kutoa moshi nje. Njia zote zilisaidia, lakini zile kofia zenye bomba ndizo zilizosaidia zaidi. Baadaye kazi hiyo ilifika pia vijiji vya karibu na mji wa Kisumu, na mafundi wa hapa hapa wakazitengeneza. Kwa hiyo bomba la moshi si kitu cha wazungu wala cha matajiri.

KWANZA TULIJUE JIKO LETU

Kabla ya kununua bati, hebu kila mmoja ajiulize: jiko langu ni la aina gani?

Jiko la Upesi, lile tulilolijua kwanza kwa jina la Jiko la Maendeleo, ni jiko zuri la kupunguza kuni. Akina mama wa kikundi cha Keyo, hapa karibu na Kisumu, wametengeneza vyungu vyake kwa miaka mingi. Lakini jiko hilo halina mahali pa kuchomeka bomba. Moshi wake hutoka kando ya sufuria. Mwenye jiko hilo akitaka kutoa moshi nje, anahitaji kofia ya bati juu yake, na bomba la kofia ni pana kuliko haya tunayoyaeleza leo.

Leo tunazungumzia jiko lililofungwa, ambalo sufuria inakaa ndani ya shimo lake barabara na moshi hauna njia nyingine ila ule mlango wa nyuma. Kwa jiko la nyumbani la aina hiyo, bomba la upana wa sentimita 10, yaani inchi 4, linatosha. Majiko makubwa ya shule yanahitaji pana zaidi.

KWA NINI KANDO YA UKUTA NA SI KUPITIA PAA

Sababu ya kwanza ni mvua. Mabati yakishatobolewa, maji yatapata njia. Mafundi wataziba kwa lami, na jua la Kisumu litaipasua ile lami kabla ya mwaka kwisha.

Sababu ya pili ni moto. Bomba linalopita katikati ya paa linapita karibu na mbao zote zinazoshikilia mabati.

Sababu ya tatu ni ya kwetu sisi. Katika vijiji vyetu vingi mama hapandi juu ya paa. Paa ni kazi ya wanaume, na mjane inambidi amngoje shemeji au kijana wa jirani. Bomba likiwa juu ya paa, siku litakapoziba kwa masizi mama huyo atakaa na moshi wiki nzima akingoja mtu. Bomba lililosimama nje, ambalo chini yake kuna mlango wa kutolea masizi, mama anaweza kulisafisha mwenyewe miguu yake ikiwa chini. Tunaona sababu hii ya tatu ni kubwa kuliko zote mbili.

UZITO WA BOMBA, NA UPEPO WAKE

Wacha tupige hesabu kidogo. Bomba la bati la geji 26, upana sentimita 10 na urefu mita 3, lina uzito wa kilo 4 hivi. Hilo mtoto wa darasa la nne anaweza kulibeba. Lakini watu wengi hupenda kutumia bomba la chuma la maji lililobaki kwenye mradi fulani, kwa sababu linapatikana na halikunjiki. Bomba la maji la inchi 4, kwa urefu ule ule wa mita 3, lina uzito wa kilo 36 hivi. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Maana yake ni kwamba mtu amening'iniza zaidi ya nusu ya mfuko wa simiti kwenye ukuta wa kukandika, halafu anashangaa ukuta ukipasuka.

Tena si uzito peke yake. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na mwili. Ni nzito, lakini unaweza. Sasa nyoosha mkono, uishike mbali na mwili. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini bega linalia. Ndivyo ulivyo mkono wa chuma, yaani braketi, unaotoka ukutani. Kadiri unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyozidi kung'oa kile kilichoushikilia.

Halafu kuna upepo. Wavuvi wetu wanaujua vizuri. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo bomba lako linasukumwa huku mchana na kule usiku, kila siku. Na mawingu ya jioni yakija na dhoruba, linatikiswa kama mti mchanga. Msumari uliopigwa kwenye udongo ni kama mwiko kwenye uji: husimama kidogo, kisha hulala.

Tumeona boma moja upande wa Kano ambapo bomba zito lilifungwa kwa misumari na waya tu. Liliinama polepole, likang'oa udongo na fito, na tundu likabaki ukutani. Mama mwenye jikoni akarudi kwa mafiga. Na majirani watatu waliokuwa wamejiandaa kujenga, wakaacha. Hiyo ndiyo hasara kubwa. Bomba moja likianguka, haliangushi ukuta tu, linaangusha na moyo wa kikundi.

HATUA KWA HATUA

1. Chagueni ukuta. Kwenye nyumba ya mabati yenye paa la mteremko wa pande mbili, tumieni ule ukuta wa mwisho ambao unapanda mpaka kwenye ncha ya paa. Hapo paa halitokezi nje sana, na maji ya mvua hayamwagikii bomba. Msiangalie upepo kwanza, maana tumesema upepo wetu hugeuka. Kinachosaidia ni bomba kuwa refu kupita paa.

2. Jengeni sanduku la matofali. Hili ndilo mguu wa bomba. Chimbeni msingi wa sentimita 60 kwa 60, na kina cha sentimita 45. Wekeni mawe na zege. Juu yake jengeni sanduku la matofali ya kuchoma, lenye uwazi ndani, mpaka urefu wa sentimita 90 hivi. Kama ukuta wa nyumba ni wa matofali au mawe, sanduku la upana wa sentimita 45 linatosha. Kama ukuta ni wa udongo na fito, lifanyeni liwe na sentimita 60 kutoka ukutani kwenda nje, na bomba likae upande wa mbali na ukuta.

Acheni mlango mdogo chini ya sanduku, wa kuingiza mkono, na kifuniko chake cha bati kinachobana vizuri. Masizi yataanguka humo. Mlango ukiachwa wazi, hewa baridi itaingia chini na jiko halitavuta.

3. Acheni nafasi ya upana wa kidole kati ya sanduku na ukuta. Wenzetu wa Kano na Ahero wanajua sababu. Ule udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Sanduku litapanda na kushuka kivyake, na nyumba kivyake. Zibeni nafasi hiyo kwa udongo laini ambao mnaweza kuupaka tena ukipasuka. Kwenye udongo wa namna hiyo, ondoeni udongo mweusi mlipochimba, shukeni chini zaidi na mjaze murramu iliyoshindiliwa kabla ya zege. Na wale wa mahali panapoingia maji, kama mafuriko yaliyowapata watu wa Nyando na ufuoni mwaka 2020, mlango wa masizi uwe juu ya alama ya maji mnayoikumbuka.

4. Tobooeni ukuta. Njia ya moshi kutoka jikoni hadi sandukuni ipande kidogo kwenda nje, isishuke. Kwenye ukuta wa udongo, fito na nguzo zisikaribie njia hiyo kwa chini ya sentimita 30 kila upande. Kateni kipande cha ukuta, ondoeni fito zote, kisha jazeni hapo kwa matofali na udongo. Sisi tunakiita dirisha la matofali. Msione ni kazi ya bure. Fito kavu iliyofichwa ndani ya udongo inaweza kuungua polepole usiku kucha bila mtu kuona moto.

5. Wekeni bamba la chuma juu ya sanduku. Bamba liwe na tundu la kipimo cha bomba, na shingo fupi ya kushika bomba lisiteleze. Bomba linasimama hapo. Uzito wote sasa unakwenda kwenye matofali, na kutoka kwenye matofali mpaka ardhini. Hapo tumemaliza sehemu ya kwanza ya neno letu: ardhi ibebe.

6. Pandisheni bomba. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, si kukivaa kwa nje. Moshi wa kuni mbichi hutoa maji meusi kama lami, na viungo vikiwekwa kinyume maji hayo yatatiririka nje na kuchafua ukuta. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Tumieni timazi, yaani jiwe lililofungwa kwa uzi, mhakikishe bomba limenyooka. Jicho peke yake hudanganya.

Bomba liishie sentimita 60 juu ya ncha ya paa. Kama mti au nyumba nyingine iko karibu kwa chini ya mita 3, lipite na hiyo pia. Juu kabisa wekeni kofia ya mvua, mkiacha uwazi wa sentimita 10 ili moshi upite.

7. Fungeni mikono. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mkono mmoja haushiki bomba. Wekeni miwili angalau, nafasi kati yake isizidi mita 1.5, na ule wa juu uwe juu kadiri ukuta unavyoruhusu. Kila mkono uwe na umbo la pembe tatu, wenye mguu wa kuegemea ukuta kwa chini. Chuma bapa cha upana wa sentimita 3 au 4 kinatosha. Mafundi wa jua kali pale Kibuye wanaweza kuukata na kuuchomelea mkiwapelekea mchoro na kipimo.

Mwisho wa mkono kuna mkanda unaozunguka bomba. Sasa sikilizeni vizuri: mkanda usibane. Bomba la mita 3 likipata joto la nyuzi 200 kuliko la kawaida, hurefuka karibu milimita 7. Likibanwa, litasukuma mikono kila mkipika na kuvuta kila moto ukizima, mpaka bolti zilegee. Acheni bomba liteleze ndani ya mkanda kama kidole ndani ya pete. Hiyo ndiyo maana ya ukuta ushikilie.

Kama kipande kinachopita juu ya mkono wa mwisho ni zaidi ya mita 1.5, ongezeni waya tatu za kuvuta, kila moja upande wake.

KILA UKUTA NA DAWA YAKE

Ukuta wa matofali au mawe. Tobooeni katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo au simiti, wala si karibu na kona ya ukuta. Tumieni bolti za kutanuka ndani ya tundu. Bomba likae angalau sentimita 15 kutoka ukutani.

Ukuta wa udongo. Hapa hakuna msumari. Tumieni bolti ndefu inayopita mpaka ndani ya nyumba, yenye bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 nje na lingine ndani, nati ikazwe upande wa ndani. Ukuta unakaa katikati ya mabamba mawili kama nyama kati ya mikate. Tafuteni mahali palipo karibu na nguzo kuu ya nyumba. Bomba likae sentimita 30 kutoka ukutani, na ukuta wenyewe ukandikwe vizuri, fito isionekane.

Ukuta wa mabati. Mabati hayashiki kitu. Tafuteni nguzo na mbao zilizo nyuma yake, mkono ufungwe kwenye mbao. Na kwa sababu mbao inaungua, bomba likae sentimita 45 kutoka hapo. Hilo ni sharti pia kwa mbao za ncha ya paa. Penye ufinyu, wekeni ngao ya bati kati ya bomba na mbao, ikiwa na nafasi ya sentimita 3 nyuma yake ili hewa ipite. Ngao iliyogusa mbao haifanyi kazi, inapasha mbao joto tu.

KUHUSU PAA LA NYASI

Hapa tutasema wazi ingawa wengine hawatapenda. Kama jikoni limeezekwa nyasi, msisimamishe bomba la bati kando yake. Nyasi za ukingoni hutokeza mbali, na cheche ikitoka juu ya bomba itaangukia wapi? Itaangukia nyasi. Kuokoa mapafu na kuteketeza nyumba si maendeleo.

Mwenye paa la nyasi anaweza kuanza na mambo mengine. Aache nafasi kati ya ukuta na paa, aongeze dirisha upande wa pili wa mlango, akaushe kuni zake vizuri, na atumie jiko la Upesi ambalo halihitaji kuni nyingi. Kikundi kikipata nguvu, mzunguko wa kwanza uwe wa mabati ya jikoni, wa pili uwe wa bomba. Haba na haba.

UTUNZAJI

Kila mwezi mama afungue mlango wa masizi, agonge bomba kwa kijiti kuanzia juu anapofikia, atoe kilichoanguka. Jiko liwe limepoa kabisa. Bomba la nje hupoa haraka kuliko la ndani, kwa hiyo hukusanya masizi zaidi, hasa mtu akipikia kuni mbichi.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya mvua za Oktoba, kikundi kizunguke nyumba zote. Angalieni mambo manne: nati zimelegea? mkanda umeshika kutu? udongo umepasuka kuzunguka mabamba? kofia ipo? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na leo methali hii tunaisema kwa maana yake yenyewe kabisa.

MASWALI MLIYOULIZA

"Je, bomba litavuta radi?" Kwa vile radi ni nyingi huku kwetu, swali ni la haki. Bomba fupi kama hili halitofautiani sana na mabati yenyewe au mti ulio karibu. Lakini si kinga ya radi pia. Dhoruba ikija, mtu asiliguse.

"Bati la geji 30 la kuezekea linafaa?" Litadumu muda mfupi, kwa sababu kutu italila upesi. Afadhali geji 26. Na kipande cha kwanza, kile kinachotoka jikoni chenyewe, kiwe cha udongo wa kuchoma au chuma cheusi. Bati lenye rangi ya fedha likipata moto mkali, ile rangi yake huungua na kutoa hewa mbaya.

"Moshi ukiwa kidogo, kuna hatari bado?" Ndiyo. Bomba likiziba, kuna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala haionekani. Mkiona kichwa kinauma kila mkipika, fungueni milango, tokeni nje, zimeni moto, kisha mkague bomba.

"Na sisi tunaopanga nyumba Manyatta na Nyalenda?" Ongeeni na mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Mfano huu una faida kwenu, kwa sababu sanduku linasimama peke yake. Mkihama, bomba na mikono vinafunguliwa na kwenda nanyi, na mwenye nyumba anaachiwa matundu machache ya kuziba.

KAZI YA KIKUNDI

Tunamaliza. Tunawaomba msimwachie fundi kila kitu. Fundi akishalipwa anaenda. Kikundi kichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wajifunze kazi hii tangu msingi mpaka kofia, na wao ndio watakaozunguka kabla ya kila mvua.

Anzeni na nyumba moja. Msianze kwa mwenyekiti. Anzeni kwa yule mama mwenye watoto wadogo, au yule mjane asiye na wa kumpandia paa. Ngojeni mvua moja ipite. Bomba likiwa bado limenyooka kwenye timazi, endeleeni na nyumba ya pili.

Na siku ya kukagua, fanyeni jambo moja rahisi. Mmoja wenu aliweke bega kwenye bomba likiwa limepoa, alisukume taratibu. Likicheza kidogo ndani ya mkanda, ni sawa, ndivyo tulivyotaka. Likitikisa ukuta, basi ukuta unabeba kazi isiyo yake. Lifungueni siku hiyo hiyo.